Baiskeli ya kilomita ya 150

Watu wakiniuliza wanunue baiskeli gani kwa safari ndefu za siku moja, huwa nawauliza wao kwanza: ukifika kilomita ya 150 unataka mgongo wako uweje? Wengi hawajawahi kuitazama baiskeli kwa jicho hilo. Wameipanda dakika tano, wameiona nyepesi, wameona inakwenda kasi, wameipenda. Dakika tano hazisemi chochote. Baiskeli yoyote ambayo breki zake zinashika na magurudumu yake hayapepesuki itakupendeza kwa dakika tano. Ninayoitafuta mimi ni ile itakayoniacha nikiwa bado na viganja vyenye hisia, shingo inayogeuka na magoti yasiyolalamika wakati jua linaelekea kuzama na bado kuna vilima mbele.

Ninaposema safari ndefu ya siku nakusudia kuanzia kilomita 100 hadi 200, na kwa wenye moyo, 300. Zipo safari rasmi za aina hii, zile zinazoitwa brevet, zinazosimamiwa na Audax Club Parisien ya Ufaransa, klabu iliyoanza mwaka 1904. Kilomita 200 unapewa saa 13 na nusu, mapumziko yakiwa ndani ya muda huo. Piga hesabu: ni chini kidogo ya kilomita 15 kwa saa. Ukitumia saa moja na nusu kula, kujaza maji na kuziba pancha, zinabaki saa 12, na unatakiwa kwenda kilomita 17 kwa saa hivi. Huo si mwendo wa mashindano. Mtu wa kawaida mwenye mazoezi ya kawaida anauweza. Kinachowashinda watu ni mwili kukataa kabla ya saa kwisha. Kwa mizunguko 80 ya pedali kila dakika, saa kumi za kuendesha ni mizunguko 48,000. Kitu kidogo kikikaa vibaya, kiti kikizidi urefu kwa milimita tano tu, kosa hilo linarudiwa mara 48,000 kwenye goti lile lile.

Basi mimi huchagua kwa mpangilio huu: nafasi ya matairi, kisha gia za mlimani, kisha umbo la fremu. Uzito nauangalia mwisho kabisa, na rangi baada ya uzito.

Matairi kwanza, kwa sababu hayo ndiyo yanayogusa barabara. Kwa miaka mingi tuliambiwa tairi jembamba lililojazwa upepo likawa gumu kama jiwe ndilo linalokwenda kasi, na wakimbiaji wa mashindano walitembea na milimita 23. Leo hao hao wanapanda 28 na 30. Tairi gumu kwenye lami yenye kokoto halibingiriki tu, linarukaruka, na kila mruko unanyanyua baiskeli pamoja na wewe mwenyewe. Nguvu hiyo unaitoa wewe, na inapotelea kwenye misuli na nyama zinazotikisika. Tairi pana lenye upepo wa kadiri linameza kokoto na kuendelea. Na mtikisiko haukuli nguvu tu, unakula mikono, shingo na hamu yako ya kuendelea.

Kwa hiyo nikiishika baiskeli mpya, kitu cha kwanza ninachofanya ni kupitisha kidole kati ya tairi na fremu: chini karibu na krenki (mikono inayoshika pedali), juu karibu na breki, na ndani ya foki, ule uma unaoshika gurudumu la mbele. Nataka zibaki angalau milimita 4 au 5 kila upande baada ya kuvaa tairi la milimita 32, na nikipata fremu inayomeza 35 pamoja na madigadi nafurahi zaidi. Fremu isiyozidi 25 naiacha hata kama ni nzuri kiasi gani, maana nafasi hiyo haiwezi kuongezwa baadaye. Kiti utabadilisha, gia utabadilisha, hata usukani utabadilisha. Fremu haipanuki.

Soma pia namba zilizo ubavuni mwa tairi. Ukiona 32-622, ya kwanza ni upana kwa milimita na ya pili ni kipenyo cha mahali tairi linapokalia rimu. Magurudumu mengi ya baiskeli za barabara ni 622. Baiskeli nyingi za zamani zenye breki za vyuma virefu badala ya waya ni 635, ingawa zote mbili huandikwa inchi 28. Baiskeli za mlimani za zamani za inchi 26 ni 559. Namba hiyo ya pili lazima ilingane kabisa. Tairi la 622 halitavaa kwenye rimu ya 635 hata ulivute vipi, na bora uligundue hilo nyumbani kuliko njiani.

Kuna kisa cha kweli kinachonifurahisha kuhusu matairi. Mwaka 1891 huko Ufaransa yaliandaliwa mashindano ya Paris hadi Brest na kurudi Paris, kama kilomita 1,200. Mshindi alikuwa Charles Terront, na alitumia saa 71 na dakika 22. Alikuwa amevaa matairi ya upepo ya Michelin yanayovuliwa kwenye rimu, kitu kipya kabisa wakati huo, kwa hiyo pancha zake ziliweza kuzibwa na safari ikaendelea. Ni miaka mitatu tu ilikuwa imepita tangu mvumbuzi John Dunlop apate hataza ya tairi la upepo. Tangu siku zile za mwanzo, safari ndefu imekuwa ikiamuliwa na mpira wenye hewa ndani yake.

Sasa gia, na hapa naomba unisikilize vizuri kwa sababu ndipo wauzaji wanapokosea kwa niaba yetu. Baiskeli nyingi zenye sura ya mashindano zinakuja na gia za watu wa mashindano. Chukua ile iliyokuwa ya kawaida zamani, meno 39 mbele na 25 nyuma kama gia nyepesi kuliko zote. Mzunguko mmoja wa pedali unakusogeza mita 3.3 hivi. Kwenye mlima wa asilimia 10, ukizungusha pedali mara 60 kwa dakika, unakwenda karibu kilomita 12 kwa saa, na kama wewe, baiskeli na mizigo mna kilo 90, unahitaji kutoa takriban wati 300. Wachache sana wanaweza kutoa wati 300 kwa dakika ishirini, na hata hao hawawezi baada ya saa saba barabarani.

Weka badala yake meno 30 mbele na 34 nyuma. Mzunguko mmoja unakusogeza mita 1.9, na mlima ule ule, kwa mizunguko ile ile 60, unakutaka wati 180 kasoro. Unapanda polepole, karibu kilomita 7 kwa saa, lakini unapanda ukiwa umekaa, unapumua, na goti halisikii mzigo wowote wa ajabu. Ukifika juu bado una miguu. Mtu mwenye gia nzito atafika juu pia, asubuhi. Jioni atashuka na kuisukuma.

Ndiyo maana kwenye yangu kuna meno 46 na 30 mbele, na nyuma 11 hadi 34. Gia nzito ya 46 kwa 11 inanisogeza mita 9 kwa mzunguko, na sijawahi kuhitaji zaidi ya hapo. Kwenye mteremko mkali naacha kukanyaga na kupumzika. Kama baiskeli yako ina 50 na 34 mbele, tafuta ya nyuma inayofika 34 au 36. Ila uliza kwanza kama kibadilishia gia chako kinaweza kumeza meno mengi hivyo, kwa sababu vile vyenye mkono mfupi vinagusa sproketi kubwa (lile duara la meno la nyuma) na kuanza kusaga.

Mfaransa Paul de Vivie, aliyejiita Vélocio, alikuwa akizipigania gia nyingi tangu mwanzoni mwa karne ya 20, wakati wakimbiaji waliona ni mambo ya wazee na wanyonge. Tour de France yenyewe haikuruhusu vibadilishia gia hadi 1937. Naitaja historia hii kwa sababu dharau ile haijaisha. Bado utakutana na mtu atakayetazama sproketi yako kubwa ya nyuma na kutabasamu. Mwache atabasamu.

Kuhusu fremu nitakuwa mfupi. Chuma, alumini, kaboni, titani: zote zinafika. Mimi napenda chuma kwa sababu inavumilia na inachomeleka, lakini ukiniwekea fremu ya alumini inayomeza tairi la 35 na fremu ya kaboni inayokomea 25, nachukua ya alumini bila kufikiri mara mbili. Angalia umbo: sehemu ya mbele iwe na kimo cha kutosha ili usukani ukae usawa wa kiti au chini yake kidogo tu, na umbali kutoka kiti hadi usukani uwe ule unaoufikia huku viwiko vimelegea. Angalia kama kuna matundu ya bolti kwa ajili ya chupa mbili au tatu, madigadi na keria. Uzito? Kilo moja ya ziada, ukipanda jumla ya mita 1,000 kwa nguvu ya wati 150, inakugharimu sekunde 65. Ni dakika moja na sekunde tano kwa mlima wa saa nzima na zaidi. Muda huo unaupoteza ukisimama mara moja kunyoosha mgongo uliochoka.

Baada ya kuchagua, kazi kubwa ndiyo inaanza. Naamini kabisa kwamba baiskeli ya kawaida iliyopangwa vizuri inaishinda ya kifahari iliyopandwa kama ilivyotoka kiwandani.

Kiti ndicho kinachotangulia, kwa sababu kila kitu kingine kinapimwa kutoka hapo. Simama bila viatu, mgongo ukutani, miguu ikiwa imeachana kidogo, weka kitabu chenye jalada gumu katikati ya miguu na ukivute juu hadi kiguse msamba sawasawa, kama kiti kingegusa. Mtu akupimie kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kitabu. Mimi ni sentimita 82. Zidisha kwa 0.883, napata 72.4. Huo ni umbali kutoka katikati ya krenki hadi juu ya kiti, ukifuata mstari wa nguzo ya kiti. Ukitaka kuthibitisha, zidisha kipimo kile kile kwa 1.09 na upime kutoka pedali ikiwa chini kabisa: kwangu ni 89.4, na kwa kuwa krenki zangu ni za milimita 170, namba hizo mbili zinakutana.

Namba hizo ni pa kuanzia tu. Viatu vyenye soli nene vinabadilisha, miguu mirefu inabadilisha, hata suruali yenye sponji inabadilisha. Kisha sikiliza mwili. Ukiumia mbele ya goti, kuzunguka kile kifuniko chake, mara nyingi kiti kiko chini mno au kimesogea mbele mno, au unasukuma gia nzito. Ukiumia nyuma ya goti, kiti kiko juu mno. Mwombe mwenzako akufuate kwa nyuma akitazama kiuno chako: kikiyumba kulia na kushoto ili mguu ufikie pedali, shusha kiti. Shusha milimita 3, endesha, kisha amua. Usishushe sentimita mbili kwa hasira.

Halafu mbele na nyuma. Chukua timazi, au uzi wenye nati nzito mwishoni, weka pedali mbili zikiwa sambamba na ardhi, na teremsha uzi kutoka mbele ya goti la mguu ulio mbele. Wengi wanaanzia pale uzi unapopita kwenye ekseli ya pedali. Mimi nimesogeza kiti nyuma ya hapo kidogo, kwa sababu nikikaa nyuma mikono yangu inabeba uzito mdogo zaidi. Jaribio langu ni hili: ukiendesha kwa nguvu ya kawaida, nyanyua viganja kutoka kwenye usukani kwa sekunde mbili bila kubadilisha mkao. Ukianguka mbele mara moja, mikono yako ndiyo iliyokuwa imekushikilia, na itakudai baadaye. Kumbuka tu kwamba ukisogeza kiti nyuma umeongeza pia umbali hadi pedali, kwa hiyo teremsha kidogo kufidia.

Mwinamo wa kiti naupima kwa pima maji, ile ile ya waashi. Naweka ubao mdogo ulionyooka juu ya kiti kutoka mbele hadi nyuma, naweka pima maji juu yake, naanzia usawa kabisa. Kushusha pua ya kiti kunavutia kwa sababu panaposumbua panapata nafuu papo hapo, lakini zaidi ya nyuzi mbili au tatu utakuwa unateleza mbele siku nzima na kujisukuma nyuma kwa mikono.

Na kiti chenyewe? Kiti ni kama kiatu: cha mwenzako hakikuhusu. Kinachopaswa kukibeba kiwiliwili ni mifupa miwili ya makalio, kwa hiyo upana wa kiti ufuate umbali kati ya mifupa hiyo, wala usiufuate ukubwa wa mwili. Kalia kadibodi yenye mawimbi ndani juu ya ngazi ya zege, vuta magoti juu kidogo, inuka, utaona mashimo mawili. Pima katikati hadi katikati, ongeza sentimita mbili hivi, huo ni upana wa kuanzia. Uepuke ulaini uliozidi. Kiti laini kama mto kinakuzamisha, na ile sponji inapanda juu na kubana mahali penye mishipa na neva. Kwa safari fupi ya sokoni ni raha, kwa saa tisa ni adhabu.

Mdogo wangu ndiye aliyenifundisha kuitazama mikono. Tulikuwa tumesimama kupumzika, akaniambia, "Dada, vidole hivi viwili sivisikii kabisa," akinionyesha kidole cha mwisho na cha pete. Vidole hivyo viwili vikifa ganzi pamoja ni neva moja inayobanwa, ile inayopita upande wa nje wa kiganja. Nikamwambia apande aende mita chache nimwone. Viganja vyake vilikuwa vimepinda kuelekea nje, kwa sababu vishikio vya breki vilikuwa chini mno na alilazimika kukunja kifundo ili avifikie. Nililegeza bolti mbili, nikavizungusha juu mpaka mkono wake ukawa umenyooka kutoka kiwiko hadi kidoleni, nikakaza. Halafu nikatafuta ile skrubu ndogo iliyo ndani ya mkono wa breki, inayosogeza mkono huo karibu na usukani. Mikono yake ni midogo, na siku zote alikuwa akinyoosha vidole mpaka mwisho ili ashike breki. Breki nyingi zina skrubu hiyo. Watu wengi hawajui kuwa ipo.

Upana wa usukani uliopinda ukaribiane na upana wa mabega. Usukani ulionyooka unafaa pia, ila ufunge vishikio vya pembeni vinavyokuwezesha kubadilisha mkao, kwa sababu hakuna mkao mmoja, hata ulio bora namna gani, unaovumilika siku nzima. Shingo ya usukani, kile kipande kinachouunganisha na fremu, inaweza kubadilishwa kwa ndefu au fupi bila shida, na ni njia nzuri kuliko kusogeza kiti mbele ili uufikie usukani. Kiti kinapangwa kwa ajili ya miguu. Usukani unaifuata mikono. Ukikaza bolti za shingo, nyingi zinataka newtonmita 5 tu (kipimo cha nguvu ya kukaza), kwa zamu, kidogo kidogo, ili zibane sawa pande zote.

Upepo wa matairi nao ni sehemu ya kupanga baiskeli, ingawa wengi huuchukulia kama jambo la pampu tu. Namba kubwa iliyoandikwa ubavuni ni mpaka wa juu, siyo maagizo. Nyuma hubeba zaidi ya nusu ya uzito, kwa hiyo jaza zaidi nyuma. Kwa jumla ya kilo 90 kwenye matairi ya 35, najaza bar 3 (bar ni kipimo cha msukumo wa upepo) mbele na 3.5 nyuma, kwa matairi ya 32 ningeongeza nusu bar kila upande. Kipimo cha zamani ambacho bado nakiamini ni kwamba tairi lipungue kimo chake kwa asilimia 15 hivi unapolikalia: kwa tairi la 35 ni milimita 5. Ukipita kwenye tuta na kusikia rimu ikigonga, umepunguza mno. Ukiona mikono inatetemeka kwenye lami ya kawaida, umezidisha.

Ninapovaa tairi, naweka maandishi makubwa ya ubavuni sawa na vali. Nilijifunza hilo kwa fundi mmoja na sijawahi kuliacha. Ukipata pancha unajaza tyubu upepo kidogo, unaisogeza karibu na shavu mpaka uisikie hewa, kisha unapima umbali wa tundu kutoka kwenye vali. Umbali huo huo kwenye tairi, kuanzia kwenye maandishi, ndipo kilipo kilichotoboa. Mara nyingi ni kipande cha waya chembamba kama unywele, urefu wa milimita tatu, kilichotoka kwenye matairi ya malori yaliyopasuka barabarani. Kwa nje hukioni. Kwa ndani unakipata kwa ncha ya kidole, polepole, na unakitoa kwa kibano kidogo. Usipokitoa, tyubu mpya itatoboka kabla hujafika mbali.

Magurudumu nataka yawe na spoku 32, na mtu mzito au mwenye mizigo achukue 36 nyuma. Spoku hukatika nyuma zaidi, upande wa cheni, pale zinapojikunja kuingia kwenye habu, kile kitovu cha gurudumu. Nikipata gurudumu jipya nabana spoku mbilimbili kwa vidole kuzunguka lote, kisha nazigusa kwa kucha nikisikiliza. Za upande mmoja zinapaswa kutoa sauti inayokaribiana. Moja ikilia chini kuliko jirani zake imelegea, na iliyolegea inapinda na kunyooka kila mzunguko mpaka ikatike. Mpelekee fundi kabla ya safari.

Cheni naipima kwa rula ya inchi. Sehemu 24 za cheni, kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini, ni inchi 12 kamili. Zikivuka kwa moja ya kumi na sita ya inchi nanunua nyingine, kwa sababu cheni iliyorefuka inakula meno ya sproketi, na sproketi ni ghali kuliko cheni. Nabeba kiungo cha haraka kimoja cha ziada, cha kuunganishia cheni ikikatika, cha idadi ile ile ya gia: cha gia 9 hakitafunga cheni ya gia 11. Pamoja nacho nabeba tyubu mbili, viraka, vibanduzi vya tairi, pampu ya mkono, funguo za pembe sita zenye kitoa pini cha cheni, na kipande cha tairi kuukuu cha kuweka ndani likichanika. Kipande hicho kina urefu wa kidole na hakina uzito wowote wa kutaja.

Mizigo iwe kidogo, na ikae kwenye baiskeli. Begi la mgongoni linaubana mgongo, linakufanya utoke jasho na linaongeza uzito juu ya kiti na viganja. Maji ndiyo mazito kuliko yote, lita moja kilo moja, kwa hiyo yakae chini ndani ya fremu. Chakula na koti jepesi nataka vikae mbele, kwenye begi la usukani ninaloweza kulifungua nikiwa naendelea kukanyaga, kwa sababu chakula kilicho mbali hakiliwi kwa wakati. Taa nilizonazo zinatumia dainamo ya ndani ya habu ya mbele, volti 6 na wati 3, haihitaji kuchajiwa na sihitaji kuikumbuka. Taa za betri nazo zinatosha kwa safari za mchana, mradi uwe nazo hata kama umepanga kurudi kabla ya giza.

Baada ya hapo ni kujaribu. Naanza na kilomita 60, kisha 100, kisha 140, na kila mara nabadilisha kitu kimoja tu. Ukibadilisha kiti, shingo ya usukani na upepo siku moja, hutajua nini kimekusaidia na nini kimekuumiza. Kabla ya kulegeza nguzo ya kiti nazungushia utepe wa karatasi wenye gundi pale ilipo, nikitaka kurudi nirudi hapo hapo. Namba zangu zote nimeziandika kwenye daftari: kimo cha kiti, umbali kutoka ncha ya kiti hadi usukani, upepo wa mbele na wa nyuma. Nikivua kiti kwa ajili ya kusafirisha baiskeli, nakirudisha kwa dakika mbili.

Katika wiki ya safari yenyewe sigusi kitu kilichopangwa. Naangalia unene wa vibanzi vya breki, natia cheni mafuta jioni na kuifuta kabisa kwa kitambaa asubuhi ili isikusanye mchanga, nakagua matairi kwa vidole yote mawili, najaza upepo. Viatu vipya vinabaki nyumbani hadi wiki inayofuata.